Masta ya Ulaya na Eurasia: chagua lugha kwanza, kozi zitafuata

Marahaba mdogo wangu. Nalifupisha swali lako ili na wengine wafuate. Umemaliza digrii ya uhusiano wa kimataifa hapa nyumbani, umepata nafasi ya masta ya miaka miwili Ulaya, masomo ya kikanda ya Ulaya na Eurasia, Eurasia hapa ni eneo la uliokuwa Umoja wa Kisovieti. Fomu ya kozi inafungwa mwisho wa mwezi, kwenye orodha kuna kozi karibu 40 na wewe unatakiwa uchague tano za muhula wa kwanza. Umeuliza uchague zipi, kama lugha ni lazima kweli maana umeona "masomo yote ni kwa Kiingereza", halafu ukirudi nyumbani utafanya nini na digrii ya nchi za watu.

Mi nimeipita njia hiyo, nimesoma masta ya aina hiyohiyo na baadae nikafundisha semina za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo nimeona wanaofika vizuri na nimeona wanaozunguka zunguka miaka miwili wakatoka na cheti bila kujua ni wataalamu wa nini. Jibu ni refu, jitengee muda.

Naanza na lugha kwa sababu ndo inaamua yote mengine. Wanafunzi wengi huchagua kwanza kozi zenye majina matamu, usalama wa kimataifa, siasa za nishati, mgogoro huu na ule, halafu lugha inakuja mwisho ikibaki nafasi. Wewe geuza. Chagua lugha kwanza, halafu uchague kozi zitakazoilisha hiyo lugha kazi ya kufanya. Fikiria mtu kaja Tanzania kufanya risachi ya siasa zetu, hajui Kiswahili hata salamu, anasoma magazeti ya Kiingereza na ripoti za wafadhili, Hansadi za Bunge hawezi kusoma, mkutano wa kijiji anakaa anasubiri mkalimani, halafu anaandika tasnifu juu ya Mwalimu kuachia madaraka 1985 bila kujua kwamba watu walisema "kang'atuka", neno lililotoka Kizanaki likaingia kwenye siasa ya nchi nzima na lina uzito wake wa heshima ambao "kustaafu" haina. Ungemwamini huyo mtu? Sasa ukienda kuandika juu ya Kazakhstan au Ukraine kwa Kiingereza kitupu, wewe ndo unakuwa huyo. Kila ulichosoma mtu mwingine amekuchagulia, akakutafsiria, na alichokiacha nje hutakijua.

Lugha gani basi? Hapa inategemea swali lako la moyoni ni lipi, na kwenye ujumbe wako umegusa mambo mawili tofauti, umesema unapenda historia ya Umoja wa Kisovieti na pia unapenda jinsi Umoja wa Ulaya unavyofanya kazi. Kama la kwanza ndo linakukosesha usingizi, chukua Kirusi, bado ndo ufunguo wa milango mingi kuanzia Riga ya Latvia mpaka Bishkek ya Kyrgyzstan, na nyaraka za miaka 70 ya Sovieti nyingi zimeandikwa kwa Kirusi hata zile za jamhuri nyingine. Kama la pili, chukua Kijerumani au Kifaransa na ukitie maanani hasa Kijerumani, nitakuambia kwa nini nikifika kwenye tasnifu. Na kama chuo chako kinafundisha Kiuzbeki au Kikazakhi, usipite mbio. Huo ni ushauri ambao hutaupata kwa watu wengi lakini mi nausimamia.

Angalia maneno haya ya Kiuzbeki: kitob, daftar, qalam, vaqt, soat, xabar, dunyo, siyosat, davlat. Yasome polepole. Kitabu, daftari, kalamu, wakati, saa, habari, dunia, siasa, dola. Maktab kwao ni shule, rahmat ni asante. Hujafungua hata ukurasa wa kwanza wa kitabu cha sarufi na tayari una mtaji, manake Uislamu na biashara vilipeleka Kiarabu mpaka Bukhara, mji wa Uzbekistan ya leo, kama vilivyokileta mpaka Lamu na Unguja, tofauti ni kwamba kwao mengi yalipitia Kiajemi kwanza. Halafu ujenzi wa neno nao si mgeni kwako. Kiuzbeki kinabandika vipande nyuma ya neno, kitoblarimizdan maana yake "kutoka kwenye vitabu vyetu", kitob-lar-imiz-dan, neno moja tu. Mzungu darasani atalitolea macho, lakini wewe unayesema "hatutawaambia" kwa pumzi moja unajua kabisa mchezo ni uleule, sema sisi tunabandika zaidi mbele wao nyuma, na kitenzi wanakiweka mwisho wa sentensi.

Kirusi nacho usikiogope. Kinachowatoa wengi jasho ni kwamba sifa lazima ikubaliane na jina. Novaya kniga, kitabu kipya. Novy dom, nyumba mpya. Novoye okno, dirisha jipya. Neno ni "mpya" na linabadilika kufuata jina, sasa wewe umekua na kipya, mpya, jipya, vipya, mapya tangu ukiwa mtoto, ngeli zote zile, jinsia tatu za Kirusi zitakushinda? Kitakachokusumbua ni maumbo sita ya majina, na vitenzi vinavyokwenda jozi jozi, kimoja cha tendo linaloendelea na kingine cha tendo lililokamilika. Chital ni "nilikuwa nasoma", prochital ni "nimeshasoma nimemaliza". Hata hapo ukifikiri kwa Kiswahili badala ya Kiingereza unaelewa haraka zaidi. Nimewaona wanafunzi wetu wanaojifunza Kirusi kupitia Kiingereza wanatafsiri mara mbili kichwani bila sababu.

Ila nisikudanganye kuhusu muda. Marekani, shule yao inayofundisha wanadiplomasia lugha inaikadiria Kirusi kwa saa 1,100 hivi za darasani mpaka mtu aweze kukifanyia kazi. Sasa piga hesabu, masta itakupa saa tano kwa wiki, wiki kama 28 kwa mwaka, miaka miwili ni saa 280. Kwa hiyo hutatoka unaongea kama mzawa, utatoka unasoma gazeti na waraka kwa msaada wa kamusi na unaweza kufanya mahojiano mepesi, na hiyo inatosha kwa tasnifu nzuri. Likizo ya kiangazi kati ya mwaka wa kwanza na wa pili ndo inaongeza saa, kwa hiyo ukifika tu mwezi wa kumi anza kuulizia pesa za kozi ya kiangazi, usisubiri mwezi wa nne. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine 24 Februari 2022 vyuo vingi vya magharibi vimeacha kupeleka wanafunzi Urusi, wanaenda Bishkek, Almaty ya Kazakhstan, Tbilisi ya Georgia, Yerevan ya Armenia, au miji ya Latvia na Estonia yenye wasemaji wengi wa Kirusi. Mi naona hiyo imekuwa faida kwa mwanafunzi. Unajifunza Kirusi ukiwa Bishkek, mwenye nyumba wako anaongea Kikyrgyz na wanawe na Kirusi na jirani, na bila mtu kukuambia unaanza kuelewa Umoja wa Kisovieti ulikuwa kitu gani kwa watu ambao hawakuwa Warusi.

Na hapo ndo tunaingia kwenye kozi zenyewe.

Kosa kubwa la fani hii kwa miaka mingi lilikuwa kuitazama Eurasia yote kutokea dirishani Moscow. Kuna sababu ya kihistoria. Fani ilikua Marekani mara tu baada ya vita vya pili, taasisi ya chuo kikuu cha Columbia ilianzishwa 1946, ya Harvard 1948, na Sputnik, satelaiti ya Wasovieti, iliporuka 1957 Marekani wakapitisha sheria ya 1958 ya kumwaga pesa kwenye lugha na masomo ya maeneo. Swali lao kubwa lilikuwa adui anafikiria nini, na adui alikaa Kremlin, ikulu ya Moscow. Kwa hiyo Ukraine, Georgia, Uzbekistan zilisomwa kama mikoa. Baada ya 2022 mjadala umewaka kwelikweli, walimu wengi wamebadilisha silabasi zao, na utakuta kozi mbili zenye jina linalofanana lakini moja ni historia ya Urusi iliyobandikwa jina jipya na nyingine kweli ni ya eneo zima. Kuzitofautisha ni rahisi: omba silabasi kabla ya kujiandikisha, hesabu wiki ngapi ziko nje ya Moscow na Petersburg, na angalia majina ya waandishi waliowekwa, kuna Waukraine, Wakazakhi, Wageorgia humo? Kama wiki 11 kati ya 13 ni viongozi wa chama kutoka Lenin mpaka Gorbachev, iache hata kama mwalimu ni maarufu.

Hata neno lenyewe Eurasia lina wenyewe. Nazarbayev, rais wa Kazakhstan wakati huo, alitoa wazo la umoja wa Eurasia 1994, leo kuna Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia ulioanza Januari 2015 ukiwa na Urusi, Belarus, Kazakhstan, Armenia, na Kyrgyzstan ikaingia mwaka huohuo, kwa hiyo ukiwa Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, neno hilo ni la kawaida na hata chuo kikuu cha taifa kinaitwa hivyo. Lakini litamke Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, uone uso wa mtu, kwao ni neno la kuwarudisha chini ya Urusi. Waestonia, Walatvia na Walithuania nao hawapendi kabisa kuitwa "nchi zilizokuwa za Sovieti", wao wanasema walivamiwa 1940 wakakaliwa kimabavu, na 2004 wakaingia Umoja wa Ulaya na NATO. Kwenye Kirusi kuna hata vita ya kihusishi kimoja, kusema "na Ukraine" au "v Ukraine", zote maana yake "nchini Ukraine" ila ya kwanza inasikika kama unataja eneo tu la pembezoni na ya pili unataja nchi. Kaneno kadogo tu, na mtu anajua uko upande gani kabla hujamaliza sentensi. Hili nalo utalijulia wapi bila lugha?

Kwa muhula wa kwanza basi ningekuwa wewe ningejaza fomu hivi. Lugha, ile yenye saa nyingi kuliko zote wanazotoa, usichukue "lugha kwa kusoma tu" ya saa mbili. Semina kuu ya eneo, hiyo kawaida ni lazima. Kozi moja ya mbinu za utafiti, na kama kuna ya nyaraka na mahojiano chukua hiyo kabla ya takwimu, isipokuwa kama unajijua unataka kazi ya uchumi. Kozi moja ya Umoja wa Ulaya. Na moja ya mataifa na mipaka ndani ya Sovieti, iwe inaitwa utaifa, himaya, au Asia ya Kati. Za usalama na nishati ziweke muhula wa pili ukiwa umeshajua unachouliza, manake hizo bila msingi unageuka mchambuzi wa habari za jana.

Hiyo ya mataifa na mipaka niikalie kidogo maana ndo iliyonibadilisha mimi. Mwaka 1924 Wasovieti waliigawa Asia ya Kati upya, wakatengeneza jamhuri ya Uzbekistan na ya Turkmenistan, Tajikistan ikawa kwanza ndani ya Uzbekistan halafu 1929 ikatolewa ikawa jamhuri yake, Kazakhstan na Kyrgyzstan zikapandishwa kuwa jamhuri kamili 1936. Watu waliokuwa wanajitambulisha kwa mji wao, kwa ukoo, kwa dini, ghafla karani wa sensa anawauliza wewe ni Mtajiki au Muuzbeki, na mtu wa Samarkand anayeongea Kitajiki sokoni na Kiuzbeki kwa mkwe wake anaambiwa achague moja. Samarkand na Bukhara zikabaki Uzbekistan na mpaka leo utasikia Kitajiki mitaani. Bonde la Fergana likakatwa kati ya nchi tatu, na Wakyrgyz na Watajiki wamepigana mpakani 2021 na 2022 mpaka wakaja kusaini mkataba wa mpaka Machi 2025.

Mwanafunzi wa Ulaya darasani anaisikia hiyo kama hadithi ya ajabu. Wewe unatoka eneo ambalo Mmasai yuko Narok na binamu yake yuko Longido na katikati kuna mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani. Utainua mkono mapema. Ila sikiliza, hapohapo ndo kuna mtego, usikimbilie kusema "ni kama Berlin 1884". Berlin hakukuwa na Mwafrika mezani. Tashkent 1924 walikuwepo wakomunisti wa hukohuko, Wauzbeki, Wakazakhi, Watajiki, wakigombania miji na mifereji ya maji, na wengine walishinda. Mpaka ukichorwa na mgeni na mpaka ukichorwa na mgeni akishirikiana na wenyeji wenye ajenda zao ni vitu viwili, na hiyo tofauti ukiweza kuieleza kwa ushahidi umeshapata insha ya kiwango cha juu.

Vilevile na njaa ya Kazakhstan ya 1930 mpaka 1933. Wafugaji walinyang'anywa mifugo, wakalazimishwa kukaa sehemu moja na kuingizwa kwenye mashamba ya pamoja, na watu takribani milioni 1.5 wakafa, wengi wao Wakazakhi, zaidi ya theluthi ya kabila zima. Mi niliposoma hiyo wiki nilishindwa kulala. Bibi yangu alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 70, alikuwa anatusimulia lori lilivyokuja. Si kitu kimoja na usije ukaandika kwamba ni kimoja, ila mtu aliyesikia hadithi ya lori nyumbani anauliza swali ambalo aliyesoma kwenye jedwali haulizi: nani alikuja na orodha, alikuwa mtu wa wapi, aliongea lugha gani na wazee, na baadae yule mtu aliishi wapi.

Sasa upande wa Umoja wa Ulaya. Kozi hii watu wanaiona kavu, mikataba na miaka, Paris 1951, Roma 1957, Maastricht iliyosainiwa Februari 1992, Lisbon iliyoanza kutumika Desemba 2009. Kwanza tenganisha vyombo vinne ambavyo watu huvichanganya, hasa ukiwa unafikiri kwa Kiswahili ambako vyote huishia kuitwa "baraza". Kuna baraza la wakuu wa nchi. Kuna baraza la mawaziri linalopitisha sheria pamoja na Bunge. Halafu kuna Baraza la Ulaya la Strasbourg, la 1949, ambalo si chombo cha Umoja wa Ulaya kabisa, lina nchi 46 baada ya Urusi kutolewa Machi 2022. Na Tume ya Brussels nayo wengine huiita baraza, kosa hilo. Mahakama ya haki za binadamu iko Strasbourg chini ya hilo la 46, mahakama ya Umoja wa Ulaya iko Luxembourg. Ukilichanganya hili kwenye mtihani wa mdomo hakuna kitakachokuokoa.

Lakini kozi itakolea ukiisoma huku Arusha iko kichwani. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki mkataba wa 1999, umoja wa forodha 2005, soko la pamoja 2010, leo nchi nane. Kwetu mkutano wa wakuu unaamua kwa makubaliano ya wote, mmoja akikataa basi. Wao kwenye mambo mengi sheria inapita ikiungwa mkono na asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu, yaani nchi inaweza kushindwa kura na bado ikatakiwa kuitekeleza sheria nyumbani kwake. Kwa nini nchi zilizopigana vita mbili kubwa zilikubali hilo? Na mahakama yao mwaka 1964, kesi ya bwana mmoja wa Italia aliyegoma kulipa bili ndogo ya umeme, ikasema sheria ya jumuiya iko juu ya sheria ya nchi. Bili ya umeme! Hilo swali ukilibeba kutoka mwanzo wa muhula mpaka mwisho, ile mikataba inaacha kuwa tarehe za kukariri.

Kusoma kwenyewe. Umeandika kwamba umeambiwa kurasa 300 kwa wiki na umeogopa. Ni kweli zinafika. Krediti moja kule inahesabiwa saa 25 mpaka 30 za kazi, muhula ni krediti 30, kwa hiyo wanakudai saa 750 mpaka 900 kwa muhula, ni kazi ya kutwa nzima, ukichukua na vibarua vya usiku wiki nzima kuna kitu kitaanguka na mara nyingi inaanguka lugha. Usisome kila ukurasa kwa uzito mmoja. Anza na utangulizi na hitimisho la kitabu, jiulize mwandishi anabishana na nani, halafu nenda sura moja uisome kwa kalamu mkononi uone ushahidi wake umetoka wapi, nyaraka za mji gani, mahojiano ya lugha gani. Insha yangu ya kwanza ya semina ilirudi na mstari mmoja pembeni: umeeleza alichosema, wewe unasema nini? Kwetu tumelelewa kumheshimu mwandishi na mwalimu, kumpinga mtu mwenye vitabu sita unaona kama utovu wa adabu. Kule kukaa kimya ndo wanaona hujasoma. Jizoeze mapema, kila wiki andika sentensi mbili unazokubali na moja unayokataa na sababu yake, uende nazo darasani.

Kuhusu tasnifu, usisubiri mwaka wa pili. Utakutana na hili: watakuona unatoka Afrika wakusukume uandike juu ya Afrika, kila wazo utakaloleta wataliuliza "na Tanzania je?" Kama unataka kuandika juu ya misikiti ya Kazan kule Urusi au uchaguzi wa Hungaria, simama hapohapo uandike, hukwenda kule kuwa mtaalamu wa kwenu. Lakini kama unatafuta mada ambayo wewe una silaha zisizo na mtu mwingine darasani, ipo na ni nzuri.

Zanzibar 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari, Zanzibar ikaitambua Ujerumani Mashariki, nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, halafu Aprili ukaja Muungano na Dar ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi ambao sera yao ilikuwa atakayeitambua Ujerumani Mashariki tunavunja nae uhusiano. Mwalimu akabanwa katikati, 1965 Magharibi wakaondoa msaada wa kijeshi na yeye akawaambia chukueni na uliobaki. Huku Unguja Wajerumani wa Mashariki wakajenga maghorofa Kikwajuni na Kilimani, na Michenzani zile ndefu unazoziona mpaka leo zilitokana na mpango wao. Nyaraka za wizara yao ya nje ziko Berlin, za chama chao ziko hifadhi ya taifa pale Lichterfelde, ndo maana nilikuambia Kijerumani kitie maanani. Hifadhi ya Zanzibar iko Kilimani. Na wazee waliopewa funguo za zile nyumba, waliofanya kazi na wale mafundi, baadhi wako hai wanakunywa kahawa barazani na wanaongea Kiswahili. Mwanafunzi wa Leipzig ataenda na mkalimani. Wewe utakaa, utaagiza kahawa, na mzee atakuambia mlango wa jikoni ulikuwa unafungukia wapi na mkewe alisemaje siku ya kwanza alipoona ngazi ghorofa ya tano na hakuna pa kuwasha kuni.

Kama umechagua Kirusi kuna ya pili, watu wetu waliosoma Sovieti. Chuo cha Urafiki wa Mataifa kilifunguliwa Moscow 1960, mwaka uliofuata kikaitwa Patrice Lumumba, jina likatolewa 1992 na likarudishwa 2023. Madaktari na mainjinia waliopita huko wapo Dar, Nairobi, Kampala, wana barua, wana picha, wana vyeti vya Kirusi makabatini. Wanazeeka. Hiyo ni kazi ya kuwahi.

Kazi ukirudi. Nikuambie ukweli, hakuna ofisi Tanzania yenye kiti kimeandikwa "mtaalamu wa Eurasia" kinakusubiri. Wanaoajiriwa ni wale walioiunganisha digrii na kitu kinachogusa mfuko wa mtu hapa. Angalia kahawa. Umoja wa Ulaya wametunga sheria ya 2023 kwamba kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine kadhaa zisitoke kwenye shamba lililofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, kwa hiyo mkulima wa ekari moja Moshi, Mbinga au Bugisu anatakiwa shamba lake lijulikane kwenye ramani. Nani atakaa na chama cha ushirika awaeleze hiyo sheria inasema nini hasa, imeahirishwa mpaka lini, nani Brussels wa kumwandikia? Kenya ina mkataba wao wa biashara na Ulaya ulioanza kutumika Julai 2024, nani anausoma upande wetu? Ngano na mbolea kutoka Bahari Nyeusi, bei ilipopanda 2022 waandishi wetu wa habari walikuwa wanatafsiri mashirika ya nje tu, hakuna aliyekuwa anafuatilia magazeti ya Odesa, Ukraine, mwenyewe. Sekretarieti ya Arusha, wizara, mashirika ya Nairobi, vyombo vya habari, kufundisha, kote huko wanachukua mtu anayejua sehemu moja kwa kina na anaweza kuandika. Kwa hiyo kozi moja ya muhula wa tatu iwe ya biashara au sheria ya Ulaya hata kama moyo wako uko kwenye historia.

Ukijaza fomu nitumie silabasi za zile kozi mbili za Asia ya Kati zilizo kwenye orodha yako, nitakuambia ipi ina wiki za maana. Na kabla hujapanda ndege jifunze herufi za Kirusi, ziko 33 tu, wiki mbili zinatosha. Anza na zile zinazodanganya, P inasomwa R, H inasomwa N, C inasomwa S, B inasomwa V. Siku utakayoona kibao kimeandikwa PECTOPAH ukasoma restoran bila kusimama, niandikie.